Kasoro Kumi na Moja za Mashine ya Sombe

Watu wa Misiera, mtaa mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, walikuwa na njia tatu za kueleza alichokuwa akisomea Viviane huko Mbarara, na zote tatu zilikosea. Wengine walisema anasomea udaktari, kwa sababu picha moja ilimwonyesha amevaa koti jeupe. Wengine walisema anasomea ufundi wa magari, kwa sababu alirudi likizo ana grisi kwenye kucha. Waliobaki, wale waliojitia kumuuliza mwenyewe, ndio waliopotea kabisa. Yeye aliwajibu kwamba ni shahada moja yenye mitambo, afya na biashara ndani yake, na kwamba huko hawakai darasani kukariri tu. Wanatafuta mtu mwenye shida, wanamtengenezea kitu, wanampelekea, wanamuuliza kimemfaaje, kisha wanarudi kukitengeneza upya.

"Yaani munasomea kuuliza?" alisema Kalume, fundi cherehani, bila kuinua mguu kwenye pedali. "Mimi ninaulizaka batu kila siku kama suruali inabana, na hakuna mutu alinipatia diplome."

Kalume alikuwa na haki ya kumtania, kwa maana walikulia nyumba moja. Viviane alimwita yaya, kama mdogo anavyomwita mkubwa wake, ingawa hawakuzaliwa tumbo moja. Alifika Nakivale mwaka 2002, akiwa na miaka kumi, ameshika upindo wa kitenge cha mwanamke ambaye hakuwa mama yake. Mama yake mzazi alikufa njiani kwa homa, siku chache baada ya kuikimbia milima ya Fizi, huko Kongo, na jirani yake Mama Orpa ndiye aliyeuchukua mkono wa mtoto. Hakuuliza mtu, wala hakuahidi kitu. Alimshika tu, akaendelea kutembea, mwanawe Kalume nyuma amebeba sufuria kichwani.

Sasa, Mama Orpa huyu alikuwa na tabia moja ambayo ni lazima uijue mapema, maana bila hiyo habari hii haina miguu. Hakuwahi kumwambia mtu ubaya wa kitu chake usoni. Ukimletea mboga iliyonyauka, alisema ni tamu. Ukimshonea blauzi mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, alizunguka ili uone ilivyomkaa vizuri. Pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, walipokuwa wakingoja kugawiwa kiwanja, walilala ukumbi mmoja na baba mmoja aliyekoroma mpaka mabati yakaitikia. Asubuhi Mama Orpa alimsalimu yule baba kwa furaha. "Tumelala muzuri sana, baba. Usingizi ya Mungu kabisa."

Kisha alikusanya watu kwa maombi ya asubuhi, kama ilivyo desturi ya kanisa lao, akafumba macho, akainua mikono. "Ee Bwana, unamujua mutumishi wako anayelala karibu na mulango. Umufungulie pua yake, Bwana. Ao umukumbushe kulala kwa ubavu. Usiku wa leo batoto habakufunga jicho, na wewe uliona." Yule baba aliitikia amina kwa sauti ndogo kuliko wote. Usiku uliofuata alilala kwa ubavu.

Ndivyo alivyoishi na watu, na watu walimpenda. Mbele yako ulikuwa hodari. Mbele za Mungu habari zako zote zilisomwa. Mchungaji wao aliambiwa kila Jumapili kuwa amehubiri vizuri, na kila Jumapili Mama Orpa alimwomba Mungu ampe mtumishi wake saa ya mkononi. Aliyemshangaa alijibiwa kwa upole: "Mutu ni mugeni, huwezi kumukata roho. Mungu haiko mugeni. Mungu ni wa mu nyumba."

Mtu mmoja tu chini ya jua alikemewa na Mama Orpa uso kwa uso, naye ni Kalume. Kalume aliitwa mvivu kwa jina lake, mchana kweupe, na kandambili ilimfuata alipokimbia. Viviane hakukemewa hata siku moja. Alipoiba sukari, alisikia wakati wa maombi kwamba kuna mtu mu hii nyumba ambaye mukono yake inajua njia ya kikopo. Alipoanguka kwenye hesabu, Mama alimsifu kwa kujaribu, kisha akamlilia Bwana amwondolee mtoto huyu usingizi wa mchana. Utadhani Viviane alifurahi kuponea kandambili. La. Alimwonea Kalume wivu mpaka machozi yakamtoka, kwa maana mtoto ana akili kuliko tunavyomdhania, na aliona wazi ni nani mwenye nyumba na ni nani mgeni. Hilo hakumwambia mtu, alikwenda nalo shuleni, na mwaka 2011, ufadhili ulipompata, alikwenda nalo Mbarara.

Mwaka wa mwisho, 2014, ndio uliokuwa wa kazi kubwa. Kila kikundi kilipewa mwaka mzima, mtu mmoja wa kumtumikia, na mwalimu mmoja wa kuwanyima raha. Wao walipata Dokta Komuhangi. Mama huyu alikulia kambi ya jeshi, baba yake alikuwa sajenti, na Kiswahili chake kilisimama kama mtu aliye kwenye gwaride. Sheria yake ilikuwa moja. Kikundi kikishampelekea mtu mashine ya kwanza, kirudi na fomu yenye kasoro zisizopungua tano zilizotajwa na mtumiaji mwenyewe. Kisha kitengeneze ya pili. Kisha mtumiaji aje Mbarara asimame mbele ya waalimu watatu na kusema.

"Mtu hapana lalamika, mtu hapana tumia," alisema Dokta. "Mwaka jana vikundi mbili naleta fomu safi, kila kitu mzuri, mzuri. Vyote mimi nafelisha."

Na kwa Viviane kufeli halikuwa jambo la kurudia mwaka na kucheka baadaye. Barua ya ufadhili ilisema wazi: mwaka unalipwa mara moja tu. Akianguka, atarudi Misiera na miaka yake minne bila karatasi, na Kalume atamtafutia kiti karibu na cherehani.

Mwenzake kwenye kikundi aliitwa Nuwagaba, kijana wa Rugaaga, mtoto wa wafugaji, mpole, fundi kwelikweli wa kuchomelea vyuma, na mtu ambaye mpaka anafika chuo hakuwahi kula jani la muhogo. Viviane ndiye aliyetoa wazo. Kila mama Mkongomani pale kambini anatwanga sombe, ambayo watu wa pwani wanaiita kisamvu, na kinu kinakula mabega. Mama Orpa alikuwa ameanza kulala na kitambaa cha maji moto begani. Kwa nini wasimtengenezee mashine? Nuwagaba aliitikia kabla sentensi haijaisha. Alichukua baiskeli kuukuu, akaisimamisha juu ya miguu ya chuma, akaunganisha cheni na pipa dogo lenye visu ndani. Unapanda, unapiga pedali, mwenzako anatia majani juu, na chini linatoka jani lililokatwa. Waliijaribu nyuma ya karakana kwa majani ya miti ya uani. Ilikata vizuri ajabu. Nuwagaba aliipaka rangi ya bluu.

Mwezi wa pili waliipeleka Nakivale juu ya lori lililokwenda kuchukua matoke. Mama Orpa aliwapokea kwa vigelegele. Aliizunguka mashine mara tatu, akakigusa kiti, akaigusa kengele ambayo Nuwagaba aliiacha kwa sababu ilikuwa bado inalia. "Aksanti mingi, batoto bangu. Hii ni kitu ya wakubwa. Mungu abariki mikono yenu." Aliwachinjia kuku. Wakarudi Mbarara wamevimba vichwa.

Mwezi wa tatu walirudi na fomu.

"Mama, mashine ikoje?" aliuliza Viviane.

"Iko muzuri sana."

"Hakuna kitu inakusumbua?"

"Ata kimoja."

Viviane alijaribu njia ya pembeni. Alimuuliza kama kuna jirani ambaye pengine angeona kasoro. Mama Orpa alisema majirani wote wanamwonea wivu. Alimuuliza, kama angekuwa yeye ndiye fundi, angebadilisha nini. Mama Orpa akasema angepaka rangi ileile ya bluu. Nuwagaba, ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka, alipiga goti kwenye vumbi kama anayeposa.

"Nyabo, tafadhali. Sema tu kitu moja mbaya. Moja tu! Sisi hapana kasirika."

"Mwanangu," alisema Mama Orpa kwa huruma, "umechoka na safari. Ngoja nikupatie chai."

Alipoingia jikoni, vijana wale wawili walizunguka nyuma ya nyumba na kuitazama mashine yao. Juu ya usukani zilianikwa nguo za ndani za mchungaji, ambaye Mama Orpa alimfulia. Kwenye pipa la visu kuku alikuwa ametaga mayai saba, amekaa juu yake, anawatazama kwa dharau ya mwenye nyumba. Kando yake kinu cha zamani kilikuwa kibichi kwa sombe ya jana. Nuwagaba alihesabu mayai mara mbili, kana kwamba idadi ingebadilika, kisha akakaa chini.

"Sisi nafeli," alisema.

Viviane alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu ya Mama Orpa, jambo lililomtia aibu. Miaka kumi na miwili katika nyumba ile, na bado anasifiwa kama mgeni aliyeleta mkate! Angeleta Kalume mashine kama ile, angeambiwa ni uchafu kabla haijashuka kwenye lori.

Chai ilinywewa. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwa wanataka kuondoka, Mama Orpa alisimama ili aombee safari, maana nyumbani kwake hakuna aliyetoka bila kuombewa. Wakainamisha vichwa. Nuwagaba, Mwanglikana wa kulelewa vizuri, alifumba macho kwa nguvu.

"Ee Bwana wa majeshi," alianza Mama Orpa, "tunakushukuru kwa hii mashini. Batoto bamesoma mingi, na wewe unajua. Lakini Bwana, unaona ile kiti. Niko mama wa kanisa, niko na miaka makumi tano na tisa. Nitapanua miguu juu ya baisikeli, na kitenge, mbele ya njia, namna gani? Siku ile nilipanda, mushemasi alipita, akaangalia mbinguni. Umusamehe, Bwana, na mimi unisamehe."

Viviane alifungua jicho moja.

"Tena Bwana, ile visu inakata, haitwangi. Sombe ikikatwa inakuwa majani ya mbuzi, unaitafuna mpaka taya inalia. Haitoe maji yake. Na ile fasi ya kutokea iko ndogo, unatia kidole, na kidole iko na kazi ingine. Na harufu ya mafuta ya mashini, Bwana, ulisikia mu chakula ya Yumapili."

Kalamu ilikuwa kwenye nywele za Viviane na fomu ilikuwa mapajani. Aliandika. Aliandika kwa mwandiko mbaya, bila kupumua, macho wazi kabisa mbele za Bwana, na alipoandika alijiona tena ana miaka kumi na moja, mdomo mtamu kwa sukari ya wizi, akisikiliza habari zake zikipelekwa juu. Amesahauje? Amekwenda Mbarara akafundishwa njia ishirini za kumhoji mtu, na amesahau ile moja aliyokulia!

"Na kelele, Bwana. Haina kelele ya kinu. Siku tatu majirani habakusikia kinu yangu, bakakuja na uji, bakasema, Mama Orpa amegonjwa. Mwingine alikuja analia tayari. Mutu akitwanga, batu banajua iko muzima."

Kasoro zote zilikuwa kumi na moja. Mama aliposema amina, Nuwagaba alifumbua macho na kumwona mwenzake akifunika kalamu. Njia nzima alikuwa amenuna.

"Wewe naandika wakati ya maombi," alisema hatimaye. "Hiyo dhambi, Viviane."

Viviane alimpa fomu asome. Alisoma mpaka kasoro ya kumi na moja, ile inayohusu kengele, ambayo Mama Orpa alimshtakia Mungu kuwa watoto wa mtaa wote wanakuja kuipiga. Akasoma tena kutoka juu. Kisha alisema pengine si dhambi kubwa.

Basi kuanzia siku hiyo kazi ya kikundi ilikuwa na ratiba mpya. Walifika Nakivale wakati wa maombi ya asubuhi, au walijitia wanaondoka ili waombewe. Walikataa kabisa kuuliza swali lolote, na Mama Orpa aliwasifu kwa kuwa wageni wasiosumbua. Jibu la kasoro kubwa lilikuwa limekaa mbele ya pua zao siku zote, kwenye kibaraza cha Kalume. Cherehani ya miguu! Mama yeyote wa kanisa anakaa kwenye kigoda, amevaa kitenge, magoti pamoja, anakanyaga kibao, na hakuna shemasi anayeangalia mbinguni. Kalume aliwauzia kibao cha cherehani iliyokufa, akawatania kuwa bei yake ni kumsifu tu mbele ya wateja. Nuwagaba alitupa visu. Alitengeneza gurudumu lenye jino moja, ambalo linainua mchi wa mti na kuuachia udondoke kwenye kinu kilekile cha zamani. Pu. Pu. Pu. Mtaa mzima uliusikia.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Viviane aliliona na kulipuuza. Maombi ya Mama Orpa yalizidi kuwa marefu na ya taratibu. Alitaja kitu, akanyamaza kidogo, akakirudia. "Muchi unapanda vidole bine, Bwana. Vidole bine. Ungepanda munane." Mwanzoni alikuwa akiomba kama mvua ya mawe, sasa alikwenda kama mwalimu wa darasa la kwanza anayesoma imla. Viviane alidhani ni umri, akasikitika kidogo, akashukuru pia kwa sababu mwandiko wake ulipata nafuu.

Mwezi wa kumi na moja siku ya kusimama mbele ya waalimu ilifika. Mama Orpa alikwenda Mbarara na kitenge kipya na kilemba kilichowatangulia watu mlangoni. Chumba kilikuwa na meza ndefu na mashine katikati. Alikaa kwenye kigoda, akakanyaga, akatwanga sombe mpaka ikalainika, akafuta mikono. Waalimu wawili waliokaa kando walinong'ona kwa furaha, ingawa Kiswahili hawakukijua. Nuwagaba alianza kutabasamu.

Dokta Komuhangi alishika ile fomu ya mwezi wa tatu.

"Mama, karibu. Hii mashini ya kwanza, ile ya baisikeli. Yeye alikuwa na matatizo gani?"

Mama Orpa alimtazama yule mwanamke wa heshima, akawatazama wenyeji wake, akaitazama soda aliyopewa. "Ilikuwa muzuri sana," alisema.

"Hapana matatizo?"

"Ata kimoja."

Dokta alivaa miwani. "Hapa naandikwa matatizo kumi na moja. Kiti. Visu. Harufu. Kelele. Nasema Mama Orpa nasema. Wewe aliambia hawa watoto maneno haya?"

"Mimi?" Mama Orpa alishtuka kweli, akashika kifua. "Niseme mbaya ya kitu batoto bananiletea mu mukono? Hapana, mama. Sijabaambia ata neno moja."

Na alikuwa anasema kweli, ndilo tatizo. Hakuwaambia wao.

Dokta Komuhangi alivua miwani polepole. Aliwafasiria wenzake kwa Kiingereza, nao wakaacha kutabasamu. Kughushi maneno ya mtumiaji, chuoni pale, hakukuwa kufeli somo. Kulikuwa kufukuzwa.

"Viviane," alisema Dokta, "nani naandika hii?"

Viviane angeanza wapi? Aseme Mama anasema uongo? Hakusema uongo. Aseme aliyasikia kwenye maombi, akiandika macho wazi? Nuwagaba alimtazama kwa macho ya ng'ombe aliyefika mtoni akakuta pamekauka. Viviane aliona barua ya ufadhili, aliona kiti karibu na cherehani, aliona miaka minne ikikunjwa kama kitambaa kisicho na mnunuzi. Akasimama, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

"Dokta, nimekosa namna ya kueleza. Mutupe dakika tano tu." Akamgeukia Mama Orpa. "Mama, tumemaliza, na safari ya kurudi ni ndefu. Utuombee."

Dokta alifungua mdomo kukataa. Lakini Mama Orpa alikuwa ameshasimama, mikono juu, na mtoto wa sajenti alijua amri anapoiona. Akainamisha kichwa.

"Ee Bwana," alisema Mama Orpa, taratibu sana, "tunakushukuru kwa bakubwa ba hii shule. Banauliza maswali ngumu, na soda yao haiko baridi, lakini wewe unabapenda. Unakumbuka ile mashini ya kwanza, Bwana. Ile kiti yake, unakumbuka, mushemasi akaangalia mbinguni..."

Alianza na kiti. Akaenda kwenye visu, akaenda kwenye tundu, harufu, kelele ya kinu, jirani aliyekuja analia tayari. Hakuruka hata moja. Dokta Komuhangi, kichwa kikiwa bado kimeinama, alifungua macho na kuanza kufuata fomu kwa kidole, mstari kwa mstari, na mabega yake yalianza kutikisika. Mpaka kwenye kengele alikuwa ameshika leso mdomoni, na akachukua kalamu.

"Na hii ya pili, Bwana, ni bora, lakini mukuu wa shule ajue kama mubao unachokesha muguu wa kuume, wa kushoto unakaa bure. Na inatwanga sawa sawa kama askari. Hakuna furaha mu ile kelele." Alinyamaza kidogo. Kalamu ya Dokta ilimfikia. "Sasa Bwana, nakuomba kwa mutoto wako Viviane. Tangu mwezi wa tatu anaandika macho wazi wakati wa maombi, na anazani sijui. Umusamehe. Na mimi unisamehe, Bwana, kwa sababu nilipunguza mwendo wa maombi yako ili apate kuandika yote. Nilikuwa nasema mara mbili fasi yenye hesabu. Mwandiko yake haikimbie, Bwana, tangu utoto. Na huyu mama mwalimu naye anayeandika sasa, umusamehe vilevile. Amina."

Amina ya Dokta Komuhangi ilitoka imechelewa na imelowa. Nuwagaba alisema ya kwake mara mbili. Viviane hakusema, kwa sababu alikuwa analia, uso mikononi, mbele ya waalimu watatu. Miezi minane alijiona mjanja, mwizi wa maombi, kumbe alikuwa akiandikishwa imla na mtu aliyejua mwandiko wake tangu darasa la pili.

Walipewa maksi zao. Dokta aliandika chini ya fomu kwamba mtumiaji huyu amelalamika kuliko wote aliowahi kukutana nao, na kwamba kikundi kimepata njia ya kuhoji isiyofundishwa popote. Mwaka 2015 Viviane alivaa joho, na Kalume alilipunguza mikono bila kuombwa. Lakini hayo ni ya baadaye, na mimi nataka kumalizia palepale siku ileile, nje ya lango la chuo, ambapo walisimama wakingoja gari la Nakivale.

Mama Orpa alimtazama Viviane kuanzia kichwani mpaka viatuni, kwa namna ambayo Viviane alikuwa ameiona mara nyingi, lakini siku zote ikimwelekea mtu mwingine. Viviane alingoja sifa. Halafu alingoja maombi.

"Viviane," alisema Mama Orpa. "Umenikondeana kama muti wa hema. Haujui kula? Na ile mashini yako inanivunja muguu, nimekuambia. Yumamosi unakuja nyumbani, unaitengeneza, na huondoki mpaka imeisha. Umesikia, muvivu weye?"

Wauza ndizi wa langoni waligeuka kutazama. Binti mzima, mhandisi mtarajiwa, anatukanwa hadharani na anacheka huku machozi yanamshuka.

Mama Orpa alikuwa amemkazia macho, yote mawili yako wazi, na mkono wake ulikuwa umeinama kuitafuta kandambili.